Dondoo muhimu: nakshi safi ya kushikia kwenye mashine ndogo ya kukereza

Tangu kituo cha umeme cha Matebe kianze kazi mwaka 2015, fundi wa Rutshuru, mashariki mwa Kongo, anaweza kukereza mwenyewe kichwa cha skrubu ya kinu cha mahindi. Nakshi ya kushikia, yaani alama za meno zinazozuia vidole kuteleza kwenye kichwa hicho, ndiyo huwasumbua wengi.

Anza na kipenyo cha chuma. Kizidishe kwa 3.14, kisha gawanya kwa nafasi iliyopo kati ya meno ya gurudumu la nakshi; jibu likaribie namba kamili. Meno ya milimita 1 yanaelewana na kipenyo cha milimita 15.9: alama 50. Nakshi mbili zikipandana, punguza chuma kidogo, uanze upya.

Kwa mashine ndogo napendekeza kishikio cha magurudumu ya nakshi kinachobana chuma juu na chini. Kile cha kusukuma upande mmoja huumiza beringi za mashine. Shikilia ncha ya pili kwa senta. Mwendo uwe wa taratibu, kama mizunguko 100 kwa dakika, na mafuta yasikauke. Bana kwa nguvu tangu mwanzo, nusu ya gurudumu tu ikiwa juu ya chuma: kugusagusa ndiko kunakoharibu. Zungusha mara moja, simamisha, tazama alama. Vumbi la chuma liondoe kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa.