Dondoo muhimu: rilei na fyuzi za injini
Barabara ya Uvira hadi Baraka hutikisa gari mpaka nyaya zinalegea, na masika matope hupanda hadi kwenye soketi. Funga rilei juu, pakavu, miguu ikitazama chini.

Mguu 30 hupokea moto wa betri kupitia fyuzi. 87 huupeleka kwenye pampu ya mafuta. Miguu 85 na 86 ni ya koili: kwa kawaida mmoja hupata moto wa swichi, mwingine hupewa hasi na kompyuta ya injini.

Fyuzi ikae jirani kabisa na betri. Waya ulioko kabla yake hauna mlinzi. Nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi ikiungua, tafuta chanzo. Uzi wa shaba au karatasi ya pakiti ya sigara (tunawajua wanaoiweka badala ya fyuzi!) hauungui, huungua waya.