Anza na Ukuta wa Maji: Kupanga Nyumba ya Familia Ndogo kwa Bajeti Finyu

Mpangaji wa Gatwekera au Laini Saba huko Kibera, au wa Gatina huko Kawangware, anaijua hesabu ya nafasi kuliko wachoraji wengi wa ramani. Chumba chake cha futi kumi kwa kumi ni sebule mchana, jikoni jioni, na usiku pazia likivutwa kinakuwa vyumba viwili vya kulala. Lakini mtu huyohuyo akikopeshwa na Sacco au zamu yake ya chama ikifika, akanunua ploti ya hamsini kwa mia huko Joska, Ruai au Kitengela, hesabu hiyo huisahau mara moja. Hununua ramani ya vyumba vitatu vya kulala, kimoja kikiwa na bafu lake, akamwaga slabu ya nyumba nzima, akapandisha kuta hadi kwenye linta, na hapo pesa zikaisha. Ukitembea pembezoni mwa Nairobi utaziona nyumba hizo: kuta za mawe zisizo na paa, majani yameota sebuleni, na mwenye nyumba bado analipa kodi Kawangware. Kijitabu hiki kinasema kwamba nyumba hizo nyingi zilikwama siku ramani ilipochaguliwa, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Familia yenye pesa kidogo ichore nyumba nzima, ila ianze kujenga upande wenye maji, na upande huo uweze kufungwa kwa mlango na kukaliwa hata kama shilingi nyingine haitapatikana kwa miaka mitano.

Sababu imo ndani ya chumba cha kumi kwa kumi chenyewe. Pazia linagawa chumba. Haliwezi kuleta maji, choo wala hewa. Kero kubwa ya mwenye familia Kibera au Kawangware huwa ni foleni ya choo kinachotumiwa na ploti nzima, mitungi ya lita 20 inayonunuliwa kila siku, giza la kumsindikiza mtoto nje usiku, na moshi wa jiko usio na pa kutokea. Watu wanaojua kulala wanne katika chumba kimoja wataweza kulala sebuleni mwao wenyewe mwaka mmoja au miwili zaidi. Kwa hivyo shilingi ya kwanza iende kwenye kile ambacho ujanja wa familia hauwezi kukitengeneza, na kulala kungoje zamu yake.

Wazo hili limeshajaribiwa Nairobi. Katika miaka ya 1970 Halmashauri ya Jiji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja takriban 6,000 huko Dandora. Wengi wa waliogawiwa walikuta kiwanjani choo na bafu tu, vimeunganishwa na maji na mfereji wa majitaka. Wachache walipata pia jiko na chumba kimoja. Vyumba vilivyobaki walijijengea wenyewe, kila mmoja kwa kasi ya mfuko wake. Mpinzani atasema Dandora ya leo ni mtaa wa maghorofa yaliyosongamana, na ni kweli: wenye viwanja wengi walijenga vyumba vya kupangisha, na baadaye vyumba vikapandiana. Lakini hilo linaonyesha nguvu ya kodi na udhaifu wa usimamizi. Halionyeshi kwamba kuanza na choo na bafu kulikwamisha ujenzi, maana vyumba vilijengwa, na kwa wingi. Wazo hilohilo lilijaribiwa nje ya Kenya pia: mwaka 2004 huko Iquique, Chile, kundi la mbunifu Alejandro Aravena lilizipa familia 93 nusu ya nyumba iliyo na jiko, bafu, ngazi na paa, na kando yake nafasi ya kujaza nusu ya pili. Familia zilijaza. Wabunifu walisimamia ile nusu ambayo familia peke yake ingeipata kwa taabu.

Tuje kwenye umbo, maana ndiko pesa zinakovujia bila mtu kuona. Waliokulia kwenye ploti wamezoea safu ya vyumba: kumi kwa kumi, kingine, kingine, vyote vikifunguka uani. Safu hiyo inamfaa mwenye ploti anayetafuta wapangaji. Familia inayoiga umbo hilo inalipia kuta za bure. Chukua futi za mraba 480. Ukizijenga kama safu ya futi kumi kwa 48, mzunguko wa kuta za nje ni futi 116. Ukizijenga ishirini kwa 24, mzunguko ni futi 88. Sakafu ni ileile, lakini safu imekula futi 28 zaidi za msingi, mawe, linta na plasta. Vivyo hivyo kwa kila kona ya urembo inayochomoza mbele ya nyumba, ile inayopendeza sana kwenye picha ya ramani: inaongeza ukuta na kuvunja paa, na paa lililovunjika ndilo linalovuja.

Ndani ya ishirini kwa 24 panaingia nyumba kamili ya vyumba viwili vya kulala. Tuseme futi 24 zinakwenda mashariki kwa magharibi. Upande wa magharibi, mbele, kuna sebule ya futi 14 kwa 12. Nyuma yake, jiko la nane kwa nane lenye mlango wa kutokea uani, na kando ya jiko bafu la sita kwa tano lenye choo na bomba la kuogea. Jiko na bafu vinashiriki ukuta mmoja, ndio ukuta wa maji, na paipu zote za nyumba zinapita hapo. Fundi wa mabomba hafukui nyumba nzima, na kitu kikiziba unajua pa kutafuta. Kati ya sebule na bafu panabaki ujia wa futi sita kwa tatu. Ujia huo ni mdogo, lakini ndio unaofanya mlango wa choo usitazamane na wageni waliokaa kwenye kochi, na ndio unaofikisha mtu kwenye chumba cha kulala cha nyuma, cha kumi kwa nane. Chumba kikubwa, cha kumi kwa 12, kiko mbele na kinafunguka sebuleni. Vipimo hivi vimechukuliwa kati kwa kati ya kuta. Jiwe la inchi sita litakula nafasi kidogo, na fundi asikwambie halili.

Hatua ya kwanza ni upande wa magharibi peke yake: sebule, jiko, bafu na ujia, futi 14 kwa ishirini, yaani 280 za mraba. Ni karibu mara tatu ya chumba cha kumi kwa kumi, na choo ni chako. Hatua ya pili ni vyumba viwili vya kulala. Ili hatua hiyo isiwe kubomoa, mambo matatu yafanyike mwanzoni. Ukuta wa mashariki uachiwe nafasi za milango miwili ya baadaye, zikiwa na linta tayari juu yake, kisha zizibwe kwa mawe yatakayotolewa kwa urahisi. Kwenye ncha za kuta ambako nyumba itaendelea, mawe yaachwe na meno, moja likichomoza na lingine likiingia, ili ukuta mpya ushikane na wa zamani badala ya kuegemea na kupasuka. Na mgongo wa paa ulale mashariki kwa magharibi, ili siku ya kuongeza vyumba, mbao na mabati viendelee mbele kwa mstari uleule. Nyumba nyingi za kuongezwa huvuja mahali paa jipya linapokutana na la zamani kwa pembe.

Mpango huo wa paa unaleta faida nyingine. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, hivyo jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalopiga kuta moja kwa moja. Ncha mbili za nyumba, za mashariki na magharibi, zikikosa madirisha, nyumba haichomi. Madirisha yatazame kaskazini na kusini. Sebule na chumba kikubwa vikitazama kaskazini vitapata jua la Juni na Julai, miezi ya baridi, siku ambazo mawingu yameruhusu. Juu ya kila dirisha yaachwe matundu ya hewa yasiyofungwa, hasa jikoni, kwa sababu gesi huisha katikati ya mwezi na jiko la makaa hurudi. Kuhusu maji, paa la nyumba nzima lina takriban mita za mraba 45: mvua ya milimita kumi inaangusha juu yake lita zipatazo 450, na hata ukipoteza robo yake bado unajaza mitungi zaidi ya 15. Gata na tangi vinastahili kutangulia dari.

Jambo moja linaweza kubadilisha mpangilio huu, nalo ni udongo. Sehemu nyingi za Kitengela na barabara ya Kangundo zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hapo msingi lazima ushuke hadi penye ardhi ngumu, na ni afadhali msingi wa nyumba nzima uchimbwe na kujengwa mara moja, hata kama kuta za vyumba vya kulala zitangoja, kwa sababu misingi miwili ya nyakati tofauti kwenye udongo huo haitulii pamoja. Gharama hiyo ya mwanzo ni kubwa. Ndiyo hoja nyingine ya kuitaka nyumba iwe fupi na nene.

Pingamizi zito zaidi halihusu mawe. Watu husema: wazazi wakija kutoka ushago watalala wapi, na majirani watasemaje wakiona nyumba ya chumba kimoja kwenye ploti ya hamsini kwa mia? Swali la wazazi ni la haki, na jibu lake ni chumba cha kumi kwa nane, kilicho karibu na choo. Kujenga chumba cha tatu kwa ajili ya wageni wa wiki mbili kwa mwaka ni kuwalipia kodi wageni wasiokuwepo. Kuhusu majirani, nyumba ndogo yenye paa na taa inaheshimiwa kuliko kubwa isiyo na kitu. Wengine hawapendi choo ndani ya nyumba, na mila hiyo ina mizizi: nyumba ya Kiswahili, iliyojengwa Dar es Salaam hata Pumwani, ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na jiko na choo huko uani. Anayetaka hivyo, au asiye na pesa za tangi la majitaka sasa, achimbe choo cha shimo uani, mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko, ila apitishe paipu ya bafu chini ya slabu kabla zege halijamwagwa. Paipu ni rahisi siku hiyo. Mwaka ujao itakuwa nyundo na patasi. Na anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha kwanza, hesabu yake inaweza kuwa sahihi; asisahau tu kuchora mahali nyumba yake itakaposimama, na kuiegemeza upande mmoja wa ploti badala ya katikati, ili nafasi iliyobaki iwe na maana.

Ramani inayopelekwa kwa serikali ya kaunti kuombewa kibali chini ya sheria ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 iwe ya nyumba nzima, hatua zikiwa zimeonyeshwa, ili vyumba vya kulala visihitaji kuanza upya. Na kabla ya kumlipa mchoraji, nunua kamba ya katani na vigingi, uende ploti na familia yako, mchore nyumba hii chini kwa ukubwa wake halisi. Pimeni kitanda cha nne kwa sita ndani ya chumba cha nyuma, muone kama mlango bado unafunguka. Kisha mmoja wenu abebe mtungi uliojaa, aingie kwa mlango wa uani, apite jikoni na sebuleni, akate kona kwenye ujia hadi bafuni. Akigonga kamba, sogezeni kigingi.