Usukani Umekaa Upande? Usiung'oe

Umebadilisha rodi za steringi kwenye Land Cruiser pikapu. Gari linakwenda sawa, ila usukani umelalia kushoto. Wapo mafundi ambao papo hapo watafungua nati ya usukani, waung'oe na kuurudisha ukiwa umenyooka. Wakatalie. Meno ya steringi boksi hubanana zaidi yakiwa katikati; boksi likikaa pembeni, steringi inakuwa na plei kwenye barabara iliyonyooka, na indiketa inajizima ovyo.

Anza na tairodi, ile inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Hiyo ndiyo ya alaimenti, na isipopimwa kwanza, usukani utakuja kuurudia.

Kisha endesha mita kama hamsini kwenye tambarare, usimame taratibu bila kukata kona. Bandika selotepu juu kabisa ya duara la usukani. Zima injini, vuta hendibreki, weka vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, na uache ufunguo umefunguliwa ili usukani usijifunge.

Sasa ingia chini, utafute draglinki: rodi inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda kusukuma gurudumu. Piga nyuzi brashi ya waya, mwagia dawa ya kutu, ulegeze klampu zote mbili. Zungusha bomba la draglinki robo mzunguko tu, mwenzako akiwa ndani anatazama. Magurudumu yamekanyaga chini, hayaendi popote, kwa hiyo ni usukani wenyewe utakaosogea. Selotepu ikikimbilia upande usiotakiwa, zungusha kinyume. Endelea robo kwa robo. Robo moja huonekana ndogo chini ya gari, lakini juu inaonekana waziwazi.

Kabla ya kukaza klampu, hakikisha boli jointi za ncha zote mbili zimekaa sambamba, hazijapinda, na nyuzi zimeingia vya kutosha pande zote. Halafu kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uangalie bolti za klampu zisiguse kitu. Hapa ndipo wengi huharakisha.

Kama kilichobadilishwa ni boksi lenyewe, mambo ni mengine. Chomoa draglinki, zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, hesabu mizunguko, urudi nusu yake. Hapo ndipo katikati ya boksi. Usukani ukiwa bado umepinda, sasa una haki ya kuung'oa, baada ya kuchomoa betri ikiwa una eabegi.

Lijaribu gari barabarani, kwenda na kurudi. Barabara zetu nyingi zina mteremko kuelekea ukingo wa kushoto, kwa hiyo usukani ulioinama kidogo kulia huenda hauna kosa. Pikapu mpya yenye VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ikiwasha taa ya mfumo huo baada ya kazi hii, sensa ya usukani irudishwe sifuri kwa mashine ya kupimia.