Saa Tisa Si "Nine O'Clock"

Wanafunzi, katika maneno yote ya Kiingereza, maneno ya kuhesabia ndiyo mepesi kujifunza. Mtoto mdogo aweza kusema "one, two, three" pasipo kukosea. Lakini hesabu hizo hizo zikitiwa katika saa, huwapoteza hata watu wazima. Mimi nami nalipotea.

Nalikuwa kijana, nimekwisha shinda mtihani, nikaitwa Bukoba kuulizwa maswali, nipate nafasi ya kujifunza ualimu. Nikakata tikiti ya meli hapa Mwanza. Juu yake paliandikwa "Departure", maana yake kuondoka, kisha "9.00 p.m." Nalijua ya kuwa "nine" ni tisa, na zile herufi mbili nalikuwa nimeambiwa ni usiku. Basi nikasema moyoni: meli yaondoka saa tisa usiku. Nikalala kwa shangazi yangu Kirumba, nikaamka mapema, nikafika bandarini saa nane. Gati lilikuwa tupu. Mlinzi akanitazama, akasema, "Mwanangu, meli imeondoka tangu saa tatu." Nalipofika Bukoba siku mbili baadaye, nafasi alikuwa amekwisha pewa mwingine, nikakaa nyumbani mwaka mzima. Wala tikiti haikukosea hata neno moja.

Sisi twaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na tena linapokuchwa. Waingereza huanza katikati ya usiku, na tena katikati ya mchana. Kwa hiyo kati ya hesabu yao na yetu pana saa sita daima: "nine o'clock" ni saa tatu, na "three o'clock" ni saa tisa. Mwenye saa ya mishale na atazame tarakimu inayoelekeana na ile aliyoisikia. 9 yaelekeana na 3, 10 yaelekeana na 4.

Msidhani kwamba wao ni wajinga. Mwanza iko karibu na Ikweta, na jua letu huchomoza karibu wakati ule ule mwaka wote. London, mchana wa mwezi wa Juni huzidi saa 16, na ule wa Desemba mwishoni haufiki saa 8. Mtu wa huko angehesabu kama sisi, saa moja yake ingehamahama kila juma.

Neno "o'clock" ni kifupi cha "of the clock", nalo hufuata saa kamili tu. Ikizidi nusu, twasema "half past nine", basi. Na zile herufi "a.m." na "p.m." zatoka katika Kilatini: ya kwanza ni kabla ya adhuhuri, ya pili ni baada yake. Basi "p.m." si usiku peke yake, maana saa nane mchana ni "2 p.m."

Adhuhuri yenyewe huitwa "noon", na neno hili lina habari ya ajabu. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni ya tisa! Warumi walihesabu saa za mchana tangu macheo kama sisi, na saa ya tisa yao ilikuwa alasiri. Baadaye jina likasogezwa mpaka saa sita. Kwa sababu hiyo, mkikuta "ninth hour" katika Injili ya Kiingereza ya mwaka 1611, msiongeze wala msipunguze. Ni saa tisa yetu hasa. Mwanafunzi wangu mmoja, hodari sana, aliigeuza ikawa saa tatu, akamfisha Bwana Yesu saa ile ile ya kusulibiwa.

Liko na jambo la usiku. Wazee wa pwani huhesabu siku mpya tangu jua kuchwa, na kwao usiku wa Jumanne ni ule uliotangulia mchana wa Jumanne. Lakini "Tuesday night" ni usiku unaoufuata mchana huo. Meli ya MV Bukoba, iliyopoteza watu mamia, ilizama karibu na Mwanza asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Bukoba. Mwingereza atasema ilisafiri "Monday night". Mzee wa pwani atasema usiku wa Jumanne. Nao wote wawili wausema usiku mmoja. Ninyi mkiandika kwa Kiswahili, semeni "usiku wa kuamkia Jumanne", wala hapana atakayepotea.

Sasa andikeni haya kwa Kiswahili, mkitaja saa na siku:
"The market opens at 7 a.m."
"Come to my house at half past four."
"We shall eat at noon."
"The ship leaves on Sunday night at nine o'clock."