Samaki na Mchicha Sebuleni: Somo la Akuaponiki Ndogo ya Nyumbani



Somo hili limezaliwa na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Morogoro mjini alipokea zamu yake ya upatu, akaniomba nimsaidie kufuga samaki ndani ya nyumba, kwa kuwa uwanja wake wote umesakafiwa. Tulijaza tangi maji ya bomba asubuhi, jioni tukaweka vifaranga 30. Siku ya tatu wote walikuwa wameelea. Mama aliniuliza kwa upole tu: "Frateri, kumbe ilitupasa kusubiri?" Ndiyo, ilitupasa. Tulianza upya, na leo anavuna mchicha. Tujifunze hatua kwa hatua.

1. Akuaponiki ni nini?

Ni kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale yanayozunguka. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Bakteria wanaoishi juu ya kokoto huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ni chakula cha mboga. Mboga huinyonya, na maji hurudi kwa samaki yakiwa safi zaidi.

Kwa hiyo mfugaji ana mifugo ya aina tatu: samaki, mboga na bakteria. Sisi tuliwasahau hawa wa tatu kwa sababu hawaonekani.

2. Vifaa na mpangilio

Tafuta tangi la plastiki la lita 250 hivi ambalo halijawahi kubeba kemikali. Kitanda cha mboga kiwe na eneo la nusu mita ya mraba na kina cha sentimita 30. Kitanda kikae juu ya matofali, juu kidogo kuliko tangi, ili maji yarudi yenyewe.

Kokoto za kitanda hicho zina uzito unaozidi kilo 200, na maji ya tangi ni kilo 200 nyingine. Usiweke juu ya meza ya mbao. Weka kwenye sakafu ya zege, karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Mboga za majani zinahitaji jua la saa 5 au 6 kwa siku. Chumba kikiwa na giza, utahitaji taa ya LED kwa saa 12 hadi 14. Tangi lenyewe lifunikwe, lisiote ukijani na mtoto asitumbukie.

Osha kokoto mpaka maji yatoke meupe. Kisha dondoshea siki kokoto chache: zikitoa povu zina chokaa, na zitapandisha pH kupita kiasi. Tafuta nyingine.

Pampu iweze kuzungusha maji yote ya tangi angalau mara moja kwa saa. Katikati ya kitanda simamisha bomba la kurudishia maji lenye urefu wa sentimita 25, na utoboe tundu dogo karibu na sehemu ya chini. Lizungushie bomba pana lenye matundu ili kokoto zisiingie. Umeme ukikatika, maji ya kitandani, yapata lita 50, yatashuka yote kwenye tangi. Kwa hiyo jaza lita 200 tu, pampu ikiwa imezimwa. Ukijaza mpaka ukingoni, utaamka sebule ikiwa bwawa. Soketi iwe juu ya kiwango cha maji, na waya uning'inie chini ya soketi kwanza, ili tone likiteremka lisiingie kwenye umeme.

3. Kusubiri

Maji ya bomba yaache wazi siku moja au mbili, ukiyakoroga, ili klorini itoke. Washa pampu, tia chakula cha samaki kidogo sana kila siku kioze, na usubiri wiki 4 hadi 6. Pima kwa vijiti au dawa za kupimia maji. Amonia itapanda kisha itashuka. Nitriti itafuata vilevile. Zote mbili zikikaribia sifuri na nitrati ikaonekana, nyumba iko tayari kupokea wageni.

Anza na vifaranga 10. Kituo cha serikali cha Kingolwira kipo hapahapa Morogoro, na wataalamu wa SUA hawako mbali. Omba vifaranga madume pekee, maana perege huzaliana haraka na tangi hujaa samaki wadogo. Kwa kitanda cha ukubwa huu usizidishe gramu 20 hadi 25 za chakula kwa siku. Samaki wakikua na kutaka zaidi, vua baadhi.

4. Matatizo na tiba yake

Samaki wanahema juu ya maji: hewa imepungua au sumu imezidi. Acha kulisha, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yaliyokwisha kutolewa klorini, na uyamimine kwa jagi kutoka juu. Umeme ukikatika, fanya hivyo kwa maji yaleyale ya tangi kila baada ya muda mfupi. Pampu ya hewa ya betri ni akiba nzuri.

Samaki hawali: pima joto. Perege hupenda nyuzi 25 hadi 30. Mjini hakuna shida kubwa, lakini Mgeta na vijiji vya juu vya Uluguru baridi ya Juni na Julai huwadumaza. Punguza chakula.

Majani machanga yana manjano huku mishipa ikibaki kijani: chuma kimepungua. Nunua chuma cha mimea kwenye duka la pembejeo. Majani ya zamani yakigeuka manjano, nitrati ni kidogo.

pH imeshuka chini ya 6: bakteria huchoka. Ning'iniza mfuko wa maganda ya mayai yaliyopondwa, ipande polepole.

Wadudu kwenye mchicha: waondoe kwa mkono na maji. Usipulize dawa kamwe. Inayoua mdudu itaua samaki.

5. Neno la mwisho

Akuaponiki haitachukua nafasi ya shamba, na pampu inakula umeme. Lakini inafundisha kutunza maji. Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, unaanzia kwenye milima yetu hii. Kwa hiyo usimwage samaki wa kufugwa, hasa sato, mtoni au Mindu. Wanaweza kuchanganyika na perege wa asili wa Wami, Ruvu na Rufiji na kuwamaliza. Papa Fransisko alituandikia Laudato Si' mwaka 2015 kuhusu nyumba yetu ya pamoja. Ndoo ya maji machafu ni mahali pazuri pa kuanzia kutii.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni kiumbe gani asiyeonekana ambaye riziki yetu inamtegemea?
2. Nani hulipa gharama pale mshauri anapokuwa na haraka?
3. Maji tunayomwaga nyumbani yanaishia wapi?