Namna Ninavyowasoma Wapuritani Huku Usukumani

Mtu wa Shinyanga atakaye kuwajua Wapuritani, wale Wakristo wa Uingereza wa karne ya 16 na 17 waliotaka kanisa lao litakaswe kwa Neno peke yake, na ambao baadhi yao walivuka bahari kwenda kuasisi koloni la Massachusetts Bay huko Amerika mwaka 1630, namnasihi asianze na vitabu vilivyoandikwa juu yao, kwa kuwa aghalabu wenye kuwasifu huwasifu kupita kiasi, na wenye kuwalaani huwalaani bila kuwasoma. Aanze na maandiko yao wenyewe, ambayo mengi hupatikana bure katika intaneti.

Mlango mwepesi ni John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria, aliyefungwa gerezani Bedford takriban miaka 12 kwa kuhubiri bila idhini, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1678 tunacho kwa Kiswahili kwa jina la Safari ya Msafiri. Kisomwe kwa sauti, mbele ya watu.

Walakini kwa wale ninaosoma nao Katoro, mkoani Geita, Jumapili alasiri, wengi wao wachimbaji wadogo wenye hisa katika maduara, yaani mashimo ya dhahabu, nimeona mlango mpana zaidi ni suala la uchawi. Huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu, yaliyowiva kwa moshi wa kuni, ameweza kukatwa mapanga kwa neno la mpiga ramli chonganishi. Na tangu mwaka 2007 tumeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa tamaa ya viungo vyao, vikidhaniwa kuvuta dhahabu. Msomaji aliyeyaona hayo hahitaji kuelezwa kwa nini aisome habari ya Salem, katika koloni lilelile la Massachusetts, ambako mwaka 1692 watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey akafa kwa kukandamizwa na mawe.

Anza na kumbukumbu za mahakama, na katika hizo tafuta jina la Rebecca Nurse, ajuza wa miaka 71, mcha Mungu aliyeheshimika kanisani. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Washtaki wakapiga makelele, hakimu mkuu akawarudisha wazee wakafikiri upya, na mama huyo alipoulizwa juu ya neno moja alilolitamka hakujibu, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito na hakulisikia swali. Alinyongwa tarehe 19 Julai. Tulipofika hapo, kijana mmoja aliniomba niusome tena ukurasa ule, kisha akasema taratibu kwamba bibi yake naye hasikii vizuri.

Baada ya hayo soma vitabu viwili sambamba: cha mhubiri wa Uingereza William Perkins juu ya uchawi, kilichotoka 1608 baada ya kifo chake, na cha mchungaji wa Boston Increase Mather cha 1693 juu ya ushahidi katika kesi za uchawi. Perkins aliamini kuwa mchawi astahili kifo, na mganga vilevile, ila aliyakataa majaribio ya kumtosa mshukiwa majini. Mather naye alikana kwamba mtu aweza kuhukumiwa kwa kuwa mgonjwa alidai kuona kivuli chake kikimtesa, ijapokuwa hakuthubutu kuwalaumu mahakimu. Katika daftari piga mstari katikati: upande mmoja andika shahidi alichokiona kwa macho, upande wa pili alichodai kuonyeshwa. Kazi hiyo hufundisha kuliko mhadhara wowote nilioutoa.

Athari za Wapuritani usizitafute mbali. Wamisionari wa Africa Inland Mission, walioingia Usukuma mwaka 1909 na ambao kazi yao ilizaa kanisa la AIC (Africa Inland Church), hawakuwa Wapuritani, bali katika mahubiri marefu, utunzaji wa Jumapili na desturi ya kuipima nafsi, nasaba yao ya kiroho yaonekana wazi.

Mwishoni isomwe shajara ya Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu wa Salem. Mwezi Januari 1697 alisimama kanisani Boston, mbele ya majirani zake, huku mchungaji akisoma waraka wake wa toba, akikiri lawama na aibu ya hukumu zile. Na mwaka 1700 akatoa kijitabu cha kupinga utumwa. Katika toba ile mahakimu wenzake hawakusimama naye. Nami huwaachia wasomaji wiki nzima walitafakari hilo kabla hatujaanza kitabu kingine.