SOMO: JE, SERIKALI IPIGE MARUFUKU MICHEZO YA VIDEO?



Mara nyingi baada ya ibada wazazi husikika wakilalamika: nauli ya shule imeishia kwenye kibanda cha michezo ya video, mtoto amerudi usiku, na daftari ni jeupe. Mwisho husema, "Kwa nini Serikali isipige marufuku mambo haya?" Swali hili si dogo, tena wako waliokwisha kulijaribu. Hebu tutazame nchi tatu.

Kwanza, China. Mwaka 2000 serikali ya huko ilikataza kuuza mashine za michezo zinazounganishwa na televisheni, kwa kuhofia kuharibika kwa vijana. Katazo hilo lilidumu zaidi ya miaka kumi, likaanza kulegezwa mwaka 2014. Je, vijana waliacha kucheza? La! Walihamia kwenye kompyuta, na baadaye kwenye simu. Mwaka 2021 ikatolewa amri nyingine: wenye umri chini ya miaka 18 wacheze michezo ya intaneti saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Pili, Korea Kusini. Sheria ya mwaka 2011 iliwafungia watoto wa chini ya miaka 16 michezo ya intaneti tangu saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, ili wapate usingizi. Lakini wako watoto walioingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi wao, na michezo ya simu haikuguswa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 sheria hiyo ilikoma.

Tatu, Ugiriki. Huko adui hasa alikuwa kamari iliyojificha ndani ya mashine za michezo. Mwaka 2002 ikatungwa sheria iliyokataza michezo ya elektroniki mahali pa watu wote, ya kamari na isiyo ya kamari pamoja. Mahakama moja ya Thessaloniki ikaona mwaka uleule kwamba jambo hilo linapingana na katiba, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya nayo ikaihukumu Ugiriki kuwa imekosa.

Twajifunza nini? Sheria yaweza kufunga duka, lakini haiwezi kukaa na mtoto jioni. Wala tusiseme kwamba serikali haina kazi. Inayo: kuzuia kamari kwa watoto, na kuwabana wenye vibanda wanaowapokea wanafunzi saa za masomo. Hapo kuna kosa linaloonekana na mtu wa kuulizwa. Bali kukataza mchezo wenyewe ni kuwaadhibu wengi kwa shida ya wachache.

Na hao wachache tusiwadharau. Shirika la Afya Duniani limeweka katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu mwaka 2022, hali ya mtu kushindwa kujizuia kucheza hata maisha yake yakaharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mganga na watu wa kumsaidia, fimbo haitamponya.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Anayemkunja ni yule aliye karibu naye. Kabla hatujaiandikia Serikali barua, twende tukakione kile kibanda. Tuulize kinafungwa saa ngapi, na watoto wanacheza nini. Kisha tujiulize kwa nini mtoto wetu anaona afadhali kukaa pale kuliko kukaa nasi.

Maswali ya kujadili:
1. Katika mtaa wetu, ni lipi linalohitaji sheria, na ni lipi linalohitaji mzazi?
2. Mtoto akikatazwa kibanda, tumemwandalia nini badala yake?
3. Nani kati yetu anajua mtoto wake alikuwa wapi jana jioni?